Kabla hujatoa hela ya bwawa, angalia nani kachimba shimo kwanza

Ndugu zangu mnaotaka kujenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, au kufumua la zamani na kutengeneza bustani upya, nawaandikia haya kwasababu mimi bwawa moja nimelilipia mara mbili, na sitaki yamkute mtu mwingine.

Sisi tunakaa Mbezi Beach, upande wa baharini, huku ukichimba kidogo tu unakutana na mchanga mbichi. Fundi wa kwanza aliletwa na shemeji, akaja jioni, akahesabu hatua nane huku na nne kule, palepale akataja bei. Bei ilikua nzuri, nikatoa advansi zaidi ya nusu. Taili za bluu zikang'aa, wote tukafurahi. Masika yalipofika tukalikausha tulisafishe, kumbe maji ya ardhini yamejaa yanasukuma kwa chini na ndani hamna uzito wa kuyakandamiza, asubuhi tukakuta upande wa kina kirefu umenyanyuka, ufa unaingiza vidole, bomba zimekatika. Mke wangu alikaa chini pale kwenye pevingi analia. Fundi hapokei simu.

Mara ya pili nikaita watatu. Wawili walitaka niwatumie picha WhatsApp wanipe bei. Wa tatu akaja na kijana na koleo, wakachimba shimo karibu na muembe, wakaliacha, kesho yake akarudi na futi kupima maji yamesimama wapi. Bei hakutaja. Akauliza maji ya kuoshea filta yatamwagwa wapi, mvua ya kwenye bati inaelekea wapi, muembe unabaki au unatoka maana mizizi na majani vyote ni kazi. Alikua ghali kuliko wenzake na kazi nikampa yeye. Ndo huyo aliyeweka valvu kwenye sakafu ya bwawa ya kupunguza msukumo wa maji ya chini, kitu ambacho yule wa kwanza hakuwahi hata kukitaja.

Usajili angalia, CRB, yani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wanawasajili kwa madaraja, muombe fundi cheti uhakikishe. Ila nenda pia kaone bwawa alilojenga miaka mitatu nyuma, sio la mwezi jana, na ongea na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo.

Hela toa kwa awamu, na awamu ya taili isitoke kabla bwawa halijajazwa maji likiwa bado zege na plasta. Mafundi wanalikwepa hili kwasababu ya gharama, la kwangu ni mita 8 kwa 4, kina wastani mita 1.5, yani lita 48,000, maboza matano ya lita elfu kumi, kwahiyo iandikwe kwenye mkataba nani anayalipa. Jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa, weka alama ndani ya ndoo na nje usawa wa maji, kesho yake kama bwawa limeshuka kuliko ndoo basi linavuja, hapo usilipe kitu.

Ukoka uje mwisho kabisa, lori za kokoto zitausaga. Mteremko wa bustani upeleke maji mbali na bwawa. Na uzio uingie kwenye bei tangu mwanzo, mimi nina wajukuu wawili, geti lilifungwa kabla boza la kwanza halijaingia.