Maswali ya Wasomaji: Blasta ya Vazi, Kuanzia Bomba Tupu Hadi Rangi ya Chuma Kilichochakaa

Barua za toleo hili zinahusu silaha za maigizo zinazoshikwa pamoja na vazi, hasa blasta, yaani bunduki ya kubuni ya kwenye filamu. Tumezijibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe: malighafi, kutoboa, kulainisha, rangi, umeme, na mwisho namna ya kuibeba mbele za watu.

Bomba, sponji au printa?

*Ndugu mhariri, natengeneza vazi la askari wa gamba jeupe wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Nimebakiza blasta. Nina drili na vifaa vya mkono tu. Nianze na nini, na vipimo nivitoe wapi?*

Anza na bomba la PVC. Blasta hiyo ilitokana na bunduki ya Uingereza iitwayo Sterling, ambayo kitako chake kikikunjwa ina urefu wa takriban sentimita 48, na bomba lake ni la kipenyo cha nje cha karibu milimita 38. Bomba la maji la milimita 40 linakaribia sana kipimo hicho, na tofauti hiyo hakuna jicho litakaloiona likiwa mbali hatua mbili. Kata sentimita 50, kisha punguza ukishamaliza kupanga matundu.

Vipimo vidogo vidogo vitoe kwenye picha iliyopigwa ubavuni, kamera ikiwa mbali na silaha ikiwa imenyooka sawasawa. Ukiipima kwenye picha ukapata sentimita 24, basi kila kitu unazidisha mara 2. Picha iliyopigwa kwa mshazari au ya karibu sana itakudanganya: mdomo utaonekana mnene kuliko nyuma, nawe utarithi kosa hilo kwenye kila kipande.

Sponji ya EVA inafaa kwa blasta za maumbo bapa na makubwa. Chagua ile nzito. Sponji laini hubonyea vidole vikiishika, na hapo uhalisia unaisha. Gundi yake ni ile ya mpira: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hivi mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukiwahi, kiungo kitateleza. Na kikishashika hakisogezwi tena, kwa hiyo lenga vizuri kabla ya kugusanisha.

Printa ya 3D ndiyo bora kwa mikono ya kushikia, darubini na visanduku vya pembeni. Kama huna, azima au agiza vipande hivyo tu. Silaha iliyochanganya bomba na vipande vya printa mara nyingi huwa imara kuliko iliyochapishwa yote, maana bomba ndilo linalobeba uzito.

Jambo moja ulipange mapema: uzito. Chini ya kilo moja ni heri, kwa sababu utaibeba kutwa. Ukitaka ihisi nzito mkononi, ongeza vyuma vidogo ndani ya mpini, usiongeze mdomoni. Mdomo ukizidi uzito, kifundo cha mkono kitalegea na silaha itaelekea chini kwenye kila picha.

Matundu yanakwenda upogo

*Kila nikitoboa bomba, safu ya matundu inapinda, na mara mbili PVC imepasuka ukingoni. Nakosea wapi?*

Hapa kuna makosa mawili yaliyoandamana.

La kwanza ni kuchora moja kwa moja juu ya duara. Tengeneza karatasi ya kuzungushia. Mzingo wa bomba ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo bomba la milimita 40 linahitaji karatasi yenye upana wa milimita 125.6. Gawa upana huo kwa idadi ya safu unazotaka, chora mistari iliyonyooka, weka alama za vituo vya matundu, ndipo uzungushe. Kingo mbili za karatasi zikikutana bila kupishana wala kuacha mwanya, kila safu itakaa mahali pake. Ukichapa mchoro uliotengenezwa kwa bomba la milimita 38, karatasi itakuwa na upana wa milimita 119.3 na itaacha mwanya wa zaidi ya milimita 6. Usiivute. Kuza mchoro kwa asilimia 105 kabla ya kuchapa.

La pili ni biti. Biti ya kawaida nene hung'ata PVC na kuivuta, ndipo ukingo unapasuka. Fuata hatua hizi: zungushia bomba utepe wa karatasi wa mafundi rangi, bandika mchoro juu yake, dunga kila kituo kwa msumari, toboa kwa biti ya milimita 3, halafu panua kwa biti ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua, kwa mwendo wa polepole. Ndani ya bomba sukuma gogo la mbao linaloingia kwa kubana, na bomba lilaze kwenye ubao wenye mfereji wa umbo la V ili lisibingirike. Drili ikienda kasi, plastiki huyeyuka na kuganda tena kama kola kuzunguka tundu. Kola hiyo iparue kwa kisu, kisha pitisha tupa ya duara.

Maandishi ya kiwandani yaliyo juu ya bomba yafute kwa asetoni, kisha sugua bomba zima kwa msasa namba 220. Rangi haishiki kwenye PVC inayong'aa. Na bomba usilipashe kwa moto wa wazi kwa sababu yoyote ile. PVC ikiungua hutoa moshi wa asidi unaochoma koo na mapafu.

Mistari ya printa haifichiki

*Nimepuliza rangi mara tatu na bado mistari inaonekana. Niongeze ngapi?*

Usiongeze hata mara moja. Rangi hufuata umbo iliyolikuta, nayo rangi nyeusi yenye mng'ao huonyesha mistari zaidi kuliko plastiki tupu. Rudi nyuma.

Sugua kwa msasa 120, kwa mizunguko midogo na bila kukandamiza, kwa sababu PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, ikipata joto hulainika na kujaza msasa utomvu. Paka filla nyembamba ya magari kwenye mabonde, iache ikauke kabisa, sugua kwa 220. Puliza praima ya kujaza, yaani rangi ya msingi inayoziba mabonde, mikono miwili (mara mbili). Sasa inakuja hatua ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya kubahatisha: puliza ukungu mwepesi sana wa rangi nyeusi juu ya praima ya kijivu, vitone tu, kisha sugua kwa msasa 400 wenye maji. Palipoinuka weusi utaondoka mara moja. Palipobonyea utabaki, na utauona umelala kwenye mabonde kama mistari ya kalamu. Jaza hapo tu, rudia, mpaka weusi uondoke wote kwa pamoja. Malizia kwa 600.

Kwa chapisho lijalo, agiza kuta 3 au 4, yaani mistari ya plastiki inayozunguka ukingo wa nje wa kipande. Nozeli (ncha inayotoa plastiki) ya milimita 0.4 na kuta 3 hukupa unene wa milimita 1.2, ambao unavumilia msasa. Ukiwa na kuta 2 utatoboka kwenye kona. Matabaka ya milimita 0.2 yanatosha kwa sehemu bapa, ila kwenye mipindo ya taratibu shuka hadi 0.12. Vipande vinavyoingiana viachie nafasi ya milimita 0.2 kila upande, la sivyo utavipiga nyundo na kuvipasua. Viunge kwa epoksi, na kiungo kirefu kipitishie fimbo ya mbao katikati. Gundi ya papo hapo hushika haraka lakini huachia silaha ikianguka.

Vaa barakoa ya vumbi muda wote wa kusugua.

Inaonekana kama kichezeo

*Umbo liko sawa, nimepaka nyeusi safi, lakini kwenye picha inaonekana plastiki. Kuna siri gani?*

Kosa lako ni kwamba silaha nzima ina mng'ao mmoja. Kitu cha kweli kina chuma, mpira na vioo, na kila kimoja hurudisha mwanga kwa namna yake. Hata ukitumia nyeusi ileile kote, malizia bomba kwa vanishi ya mng'ao wa wastani, mpini kwa vanishi isiyong'aa, na lenzi kwa ile inayong'aa. Hatua hiyo peke yake inabadilisha kazi kuliko mikwaruzo yote utakayoongeza.

Kisha tengeneza chuma. Njia tunayoipenda inaanza na fedha: paka rangi ya fedha kwenye bomba, iache ikomae siku nzima, ifunike kwa vanishi, halafu pulizia dawa ya nywele mikono miwili na uiache ikauke. Juu yake paka nyeusi ya akriliki yenye asili ya maji. Baada ya dakika 20 au 30 chovya brashi ngumu kwenye maji na usugue taratibu mahali unapotaka pachubuke. Maji hupenya, huyeyusha dawa ya nywele, na nyeusi inabanduka kwa vipande vyenye kingo kali kama rangi iliyochubuka kweli. Ukichelewa mpaka kesho, nyeusi itakuwa imekaza na itakupa kazi.

Chubua kwa kufikiri. Chuma huchakaa pale kinapoguswa: ukingo wa mdomo unaoingia kwenye ala, kona za kasha la risasi, kikingio cha kifyatulio, na pale kidole gumba kinapopita. Mikwaruzo iliyotawanywa sawasawa kila mahali ndiyo inayofichua kazi ya haraka. Bonde lililo kati ya vyuma viwili halichubuki, huingia uchafu; hapo paka rangi ya kahawia nyeusi iliyozimuliwa, sehemu 1 ya rangi kwa 7 za maji na tone la sabuni ya vyombo, subiri dakika moja, futa sehemu zilizoinuka kwa kitambaa.

Kwa kingo tumia brashi kavu: chovya kwenye fedha, ifute kwenye kitambaa mpaka isiache karibu chochote, ndipo uipitishe kukata ukingo. Unga wa grafiti upake mwisho kabisa, baada ya vanishi, kwa kidole. Ukiupaka kabla, vanishi itaumeza mng'ao wake na hutaona tofauti.

Kuhusu kupuliza: kopo liwe sentimita 20 hadi 30 mbali, mkono uanze kwenda kabla ya kubonyeza na uachie baada ya kupita. Koti nyembamba tatu hushinda moja nzito. Rangi ikikunjamana kama ngozi ya mzee, maana yake kiyeyusho cha koti jipya kimeingia kwenye koti ambalo halijakomaa. Hapo hakuna dawa ila kuiacha ikauke, kuisugua yote na kuanza tena. Jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha bomba ulichokata.

Taa inaungua, sauti inakatika

*Taa ndogo ya LED, nyekundu, niliiunga na betri ya volti 9, ikawaka kidogo ikafa. Pia kifaa changu cha sauti, DFPlayer Mini, kinajizima sauti ikiwa kubwa.*

LED inahitaji resista, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme. Hesabu yake: volti za betri toa volti za LED, gawa kwa mkondo. Nyekundu hutumia karibu volti 2 na mkondo wa ampea 0.02. Kwa betri ya volti 9: 7 gawa kwa 0.02 ni 350, basi chukua omu 390. Lakini ile betri ya mraba haina nguvu ya kutosha kuendesha sauti. Tumia betri 3 ndogo za volti 1.5, jumla 4.5; hapo nyekundu inataka omu 150, na ya buluu inayotumia volti 3.2 inataka omu 68.

DFPlayer hufanya kazi kati ya volti 3.2 na 5. Kinajizima kwa sababu spika ikivuta mkondo ghafla, volti hushuka. Unga kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na pini zake za umeme, ukichunga upande wa hasi. Nyaya zote mbili za spika ziende kwenye pini za spika; usiupeleke mmoja kwenye hasi ya betri. Nyuma ya spika pawe na kisanduku kilichofungwa, vinginevyo mlio utakuwa mwembamba.

Kifyatulio unaweza kukiunga kati ya pini ya DFPlayer iitwayo IO2 na hasi, bila kompyuta ndogo yoyote. Kila bonyezo hucheza faili linalofuata, hivyo weka milio kadhaa tofauti. Ukishikilia kwa muda, pini hiyohiyo huongeza sauti. Basi fyatua na uachie. Kalamu ya leza usiweke kabisa, maana itamulika macho ya watu.

Mwanangu ataibeba wapi?

*Mwanangu ana urefu wa sentimita 140 na anataka blasta "kama ya kweli". Ipunguzwe kiasi gani, na ni salama kutoka nayo?*

Mama, ukubwa kwanza. Gawa urefu wake kwa urefu wa mtu mzima anayemwiga. Akiwa wa sentimita 183, ni 140 gawa kwa 183, yaani 0.77, blasta ya sentimita 48 inakuwa 37. Mpini usiupunguze kwa hesabu hiyo. Upime kwa mkono wake ukiwa ndani ya glovu ya vazi.

Usalama tunaomba uuchukulie kwa uzito wote. Mdomo uwe na kizibo cha rangi ya machungwa kilichogundishwa, na uzibwe kabisa, ili hata anayeutazama kwa mbele asione tundu. Sheria hutofautiana: Marekani inadai alama ya rangi ya machungwa kwenye mifano ya bunduki inayouzwa, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inazuia kutengeneza na kuuza mifano inayofanana mno na bunduki za kisasa, isipokuwa kwa matumizi iliyoyataja. Blasta iliyotokana na bunduki ya kweli, kama Sterling, inaguswa na sheria za namna hiyo kuliko iliyobuniwa tangu mwanzo, kwa hiyo soma sheria ya unapoishi kabla ya kukata bomba. Kwa mtoto tungechagua umbo la kubuni lenye rangi angavu.

Njiani ikae ndani ya begi lisiloonyesha kilichomo, mpaka ndani ya ukumbi. Mlangoni ikabidhi kwa wakaguzi wewe mwenyewe, mdomo ukielekea chini, na wakiifunga utepe usiuondoe. Asimwelekezee mtu asiyeshiriki igizo, na mtu mwenye mamlaka akimwambia aiweke chini, aiweke papo hapo bila kubishana. Mfundishe hayo kabla ya kumpa.

Imepinda kwenye gari

*Blasta ya PLA niliiacha garini mchana, mtutu umepinda. Itanyooka?*

PLA hulainika karibu nyuzi 60, na gari lililofungwa juani hufika huko. Itumbukize sehemu iliyopinda kwenye maji ya moto ya nyuzi 65 hivi kwa dakika moja au mbili, inyooshe juu ya meza bapa, ishikilie mpaka ipoe. Rangi ya hapo itapasuka, utaipaka upya. Kipande cha kuhifadhiwa garini chapisha kwa PETG, plastiki nyingine ya printa, ambayo huvumilia hadi karibu nyuzi 80.