Kwa Fundi: Mmebishana juu ya farasi, mimi nahesabu kilo

Toleo lililopita nilieleza habari za GTA-R 290, gari ambalo mafundi wa Alfaholics huko Uingereza hulijenga juu ya Alfa Romeo za milango miwili za miaka ya 1960. Umbo ni lilelile la zamani, injini ni ya lita 2.3 yenye nguvu za farasi 240, na gari zima lina uzito wa kilo 830. Magari ya namna hii, yanayofufuliwa na kubadilishwa kwa mkupuo mmoja, wenyewe wanayaita restomodi. Barua zilizokuja zimenishangaza kwa ukali wake na kwa mapenzi yake pia. Nimechagua nne.

*Fundi, nimekusoma muda mrefu na safari hii umenivunja moyo. Ukishatoa injini, viti, breki na nusu ya bodi, umebaki na nini zaidi ya beji? Wazee waliounda gari lile walijua wanachofanya. Kwa nini lisiachwe lilivyo?*
*Mlinzi wa Asili*

Ndugu Mlinzi, pole, na asante kwa kuandika badala ya kususa. Ila wazee unaowatetea ndio walioianza kazi hii.

Giulia Sprint GT ilitoka mwaka 1963, umbo lake likiwa limechorwa na Giorgetto Giugiaro alipokuwa bado kijana pale Bertone, kampuni ya Italia ya kubuni bodi za magari. Mwaka 1965 Alfa Romeo wenyewe walilichukua gari hilohilo wakalivua ngozi ya chuma na kulivika alumini, wakaishika kwa ribiti na gundi juu ya mifupa ya chuma iliyobaki. Vioo vya pembeni vikawa vya plastiki. Rimu zikawa za magnesiamu. Hata vitasa vya milango vilibadilishwa vikawekwa vyepesi. Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikawa na plagi mbili kwa kila silinda. Gari likaitwa GTA, na hiyo A ni Alleggerita, Kiitaliano cha kitu kilichopunguzwa uzito. Yalitengenezwa 500.

Sasa tazama hesabu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Sprint GT ya kawaida ilikuwa na farasi 106 na kilo 950. GTA ya barabarani ilikuwa na farasi 115 na kilo 745. Farasi walioongezwa ni tisa tu, lakini kilo zilizotolewa ni 205. Kama wangeuacha uzito ulivyo na kutafuta uwiano huohuo wa nguvu kwa uzito kwa injini peke yake, wangehitaji farasi 147 hivi kutoka kwenye injini ya lita 1.6 ya kuendea sokoni na kazini. Waliona ni rahisi zaidi kuondoa kuliko kuongeza. Mwaka 1966 na tena 1967 dereva Mwitaliano Andrea de Adamich akachukua ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari ya kawaida yaliyoandaliwa kwa mashindano, katika daraja lake, akiendesha GTA.

Kwa hiyo ninapomwona fundi wa leo ameipeleka Sprint GT hadi kilo 830, naona mtu anayeendelea na kazi iliyoachwa mezani. Angeweka injini kubwa ya silinda nane akaacha uzito upande, hapo ningekaa upande wako na barua hii ningeiandika kwa hasira kuliko yako.

Jambo moja nakupa bila ubishi. Pamoja na vifaa vyote vya leo, 830 bado ni nzito kuliko 745. Namba nyingi za viwanda za enzi zile ni za gari kavu, kabla ya kutiwa mafuta na maji, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Lakini breki kubwa na matairi mapana vina uzito wake, na farasi 240 hawawezi kusimamishwa na breki za 1965. Ukikuta mtu anatangaza uzito wa restomodi yake, muulize kwanza: mkavu au wenye mafuta?

*Fundi habari. Mimi bado najifunza na sina gari la kale, ila nawafuatilia sana. Watu wanasema "jepesi, jepesi" kama vile ni uchawi. Kilo mia zinasikika kweli? Ni uzito wa abiria mmoja na begi lake. Si rahisi zaidi kuongeza nguvu?*
*Mwanafunzi wa Spana*

Mdogo wangu, swali hili nimelijibu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo nivumilie nitakapolirefusha.

Nina 1750 GTV ya mwaka 1969, ndugu wa damu wa gari tunalozungumzia. Kabla sijafungua hata skrubu moja niliiweka juu ya mizani nne, kila tairi na mizani yake, tangi likiwa nusu. Ilisoma kilo 1,046. Kisha nikachukua daftari, na kila kilichotoka kikapimwa na kuandikwa. Bampa zote mbili na vyuma vyake zilikuwa kilo 13, jambo lililonishtua, kwa sababu ukizitazama zinaonekana kama pambo. Kiti cha nyuma kilo 10. Tairi la akiba na jeki 19. Betri ya kawaida nikaweka ya lithiamu, zikaondoka 11. Viti vya mbele, rimu, na kadhalika.

Kazi iliyonitesa ni lami. Chini ya kapeti kiwanda kilibandika mabamba ya lami ili kuzima kelele. Nilikwangua siku tatu nikiwa nimepiga magoti, na ndoo nilizojaza zikafika kilo 14.

Jumla ilikuwa kilo 91. Gari likasoma 955.

Nilipolitoa barabarani mara ya kwanza nilisikitika. Nyuma lilikuwa limeinuka kama mtu anayechungulia kisima, na nilipokanyaga breki kwa nguvu magurudumu ya nyuma yakajifunga kabla ya ya mbele. Kosa lilikuwa langu. Nilitoa vitu vingi upande wa buti na vichache upande wa injini, na springi za nyuma bado zilikuwa zinasukuma kana kwamba mzigo upo. Gurudumu lisilo na uzito wa kutosha juu yake halishiki barabara, na breki hulifunga upesi. Nikabadilisha springi, nikapunguza nguvu ya breki za nyuma, nikapima tena tairi moja moja. Hayo ndiyo yasiyosemwa na wanaotangaza uzito mdogo: kila kilo unayoitoa inadai marekebisho mahali pengine.

Baada ya hapo ndipo nilipoelewa. Kilo mia hazisikiki sana unapokanyaga mafuta kwenye njia iliyonyooka, hapo una haki. Zinasikika kwenye kona, pale unapogeuza usukani na pua inafuata mkono wako papo hapo bila kujifikiria. Na si kilo zote ni sawa. Kilo iliyo mita mbili kutoka katikati ya gari inapinga kugeuka mara nne kuliko iliyo mita moja, ndiyo maana zile bampa zilinipa faida kuliko kiti cha nyuma kwa kila kilo. Kilo za rimu ni bora zaidi, kwa sababu shokomzoba zinahangaika nazo kila tairi linapopanda na kushuka kwenye bonde la barabara.

Breki nazo zinapumua. Nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza joto inaenda sambamba na uzito, kwa hiyo mwendo ukiwa uleule, breki zangu sasa zinabeba pungufu ya asilimia 9 hivi. Nguvu ukiiongeza unafanya kinyume: unafika kwenye kona kwa kasi zaidi ukiwa na breki zilezile.

Nikwambie na hili. Nusu ya ile lami niliirudisha, kwenye ukuta kati yangu na injini na chini ya miguu. Joto la bomba la ekzosi lilikuwa linanichoma mguu, na kelele ya gia boksi ilinifanya nisitamani safari ndefu. Sioni aibu. Porsche walipotoa 911 Carrera RS ya lita 2.7 kwa ajili ya 1973, toleo jepesi kabisa lilikuwa na kilo 960 na lile lenye mapambo na starehe zaidi kilo 1,075. Yalitengenezwa magari 1,580 kwa jumla, na mepesi yalikuwa 200 tu. Wanunuzi wengi walilisifu jepesi, kisha wakaagiza lenye kapeti. Ukipata gari lako, anza na kilo zisizokupa chochote. Nyingine zinafanya kazi usiyoiona mpaka uzitoe.

*Fundi, nimerithi Giulia Sprint GT ambayo haijaguswa. Rangi ya kiwanda imechoka ila ipo, viti vya kwanza, injini ya kwanza. Tangu nisome makala yako kuna gereji inanishawishi waikate na kuiwekea bodi ya nyuzi za kaboni. Nifanyeje?*
*Mrithi*

Mrithi, tafadhali usiikate. Naomba kwa moyo wote.

Magari ambayo hayajaguswa yanapungua kila mwaka na hakuna kiwanda kitakachoongeza moja. Mashine ya kaboni mtu anaweza kuijenga kesho au baada ya miaka ishirini, juu ya bodi iliyokwisha kuliwa na kutu, na bodi za namna hiyo zipo. Gari lako likishakatwa, limekatwa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, wana Hati ya Turin inayosisitiza kuhifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kubadilisha, na gari kwao huhesabiwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 na kuendelea, limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Lako limefika hapo bila wewe kutoa jasho.

Kama unatamani wepesi, fanya yale yanayorudi: rimu nyepesi, betri, viti, springi zinazolingana. Usitoboe tundu jipya. Kila kinachotoka kiweke kwenye sanduku chenye karatasi ya jina na tarehe, na skrubu zake kwenye mfuko uliofungwa humohumo.

Kuhusu kaboni yenyewe, ni nyenzo nzuri na siichukii. Bamba la kaboni lina uzito wa gramu 1.6 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7, chuma cha bodi karibu 7.8. Wale wa 1965 wangekuwa nayo wangeitumia. Ila muulize huyo fundi wa gereji ataitenganishaje na metali inayogusana nayo, kwa maana kaboni ikishikana na alumini mahali penye unyevu, alumini huliwa. GTA za kwanza zilipata ugonjwa kama huo pale alumini ilipokutana na chuma. Akibabaika kujibu, chukua funguo zako uondoke. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa gari ambalo gereji moja ililiwekea viti vya mashindano, vimefungwa kwa boliti nne kwenye bati tupu la sakafu, bila bamba la kutawanya nguvu. Nilipokivuta kiti kwa mikono, bati lilikunjika. Mtu alikuwa ameliendesha hivyo mwezi mzima na mtoto wake pembeni.

*Mwanangu Fundi, nilikuwa na Giulia Sprint GT ujanani. Niliiuza alipozaliwa mtoto wetu wa tatu, ikawa ni lazima. Picha za gari lile zimeninyima usingizi. Sibishani na mtu. Nataka kujua tu: linalia kama langu?*
*Babu wa Wengi*

Shikamoo Babu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa.

Injini za familia ile, alumini tupu, zenye kamu mbili juu, zile fimbo zinazofungua vali, zinazozungushwa kwa cheni, zilianza na Giulietta mwaka 1954 kwa lita 1.3 na vizazi vyake vikaendelea kutumika hadi miaka ya 1990. Hata ile ya lita 2.3 ni ya ukoo huo. Kwa hiyo ule ukali wa juu, pale mshale wa mizunguko ya injini unapopita 5,000 kwa dakika, utautambua. Kitakachokuwa kigeni ni mwanzo. Restomodi nyingi huondoa kabureta na kuweka sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Zinawaka kwa mguso mmoja na kutulia papo hapo. Ni bora kwa kila kipimo ninachokijua, na bado mimi sijaweza kuziweka kwenye gari langu.

Nimebaki na kabureta zangu mbili za Weber. Injini ikiwa baridi nakanyaga mafuta mara tatu kabla ya kuwasha. Inakohoa kupitia kabureta, silinda mbili zinakubali, halafu ya tatu, kisha ya nne inajiunga huku gari zima likitetemeka. Namshikilia kwa mguu kidogo mpaka apate joto. Na ile sauti, Babu, unakumbuka kwamba haitoki nyuma? Inatoka mbele, kulekule hewa inakovutwa, na inakua nzito kila unapokanyaga. Ipo bado. Juzi asubuhi nimeisikia.