Maswali ya Wasomaji: Herufi Nne, Matamshi Mengi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimepata kamusi kongwe ya Kiingereza, na kwa kuwa napenda kulinganisha maneno, nimeyakusanya yote yenye mfuatano wa herufi o, u, g na h. Nimekuta “cough”, “though”, “through” na “plough”, pamoja na mengine nisiyopata kuyasikia, kama “hough”, “chough” na “slough”. Mbona herufi ni zile zile, ilhali kila neno lina matamshi yake?

JIBU: Ndugu msomaji, herufi gh katika maneno hayo zilikuwa na sauti yake, nayo ilikaribiana na kh ya neno “kheri” linapotamkwa na mtu anayelipa haki yake. Kiingereza cha kale kiliiandika kwa h peke yake, hivyo usiku ulikuwa “niht” na binti alikuwa “dohtor”. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, waandishi wa hati waliofuata desturi za Kifaransa wakaanza taratibu kuandika gh mahali pa h hiyo.

Baadaye sauti yenyewe ikafifia, na haikufifia kwa namna moja. Katika “though” na “plough” ilitoweka kabisa, ikaacha “dho” na “plau”. Katika “cough” na “rough” iligeuka kuwa f, tukapata “kof” na “raf”. Vokali nazo zikashika njia zake. Wakati huo William Caxton alikwisha kufungua kiwanda cha kuchapa vitabu Westminster, mwaka 1476, na wachapaji waliomfuata wakaendelea kupanga herufi za sauti ambayo midomo ya watu ilikuwa ikiiacha. Sisi tulipoacha kusema “khabari”, kalamu ilifuata mdomo, tukaandika “habari”. Waingereza walibaki na maandishi ya mababu zao.

Sasa tuyatazame yale yaliyokutatiza. “Hough” ni kiungo cha mguu wa nyuma wa mnyama kama farasi. Hutamkwa “hok”, na siku hizi huandikwa zaidi “hock”. “Chough”, yaani “chaf”, ni ndege mweusi wa jamii ya kunguru mwenye miguu myekundu. “Slough” ndilo lenye hila kuliko yote, kwa sababu ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja: likiwa na maana ya dimbwi la matope, Waingereza hulitamka “slau”, lakini likiwa gamba alilojivua nyoka, hutamkwa “slaf”. Hapo hata msomaji hodari hana budi kuisoma sentensi nzima kwanza.

Penye t mwishoni pana nafuu kidogo, kwani “bought”, “thought” na “fought” zote huishia kwa “ot”, isipokuwa “drought”, yaani ukame, ambalo ni “draut”.

Ukikutana na “hiccough” katika kamusi yako, usihangaike kutafuta sauti ya kale ndani yake, kwa maana haikuwamo kamwe. Neno hilo la kwikwi liliandikwa kwanza kwa p mwishoni, kwa kuiga mlio wenyewe, kisha watu wakadhani lina uhusiano na “cough”, yaani kikohozi, wakalibandika mkia usio wake. Hata hivyo hutamkwa “hikap”, kama lilivyokuwa.