Sanduku la Santuri: Koneti Iliyozidiwa na Wimbo Wake

Swali: Shikamoo mzee wa santuri. Nimempenda Cannonball Adderley, yule mpiga saksafoni wa jazi, tangu nikiwa shule, na "Work Song" yake naijua mpaka pale anapovuta pumzi. Juzi rafiki yangu alinipigia albamu ya "Work Song" ya Nat, mdogo wake. Nilivunjika moyo. Tarumbeta inasikika kama ya mtu mwenye mafua, saksafoni hakuna, na katikati kuna kitu kinadundadunda, si gitaa si besi. Rafiki anashikilia kwamba hiyo ndiyo albamu ya kusikiliza. Mimi namwona anajitia ujuzi tu. Tuamulie.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Watu wanaojitia ujuzi hata mimi wananichosha, lakini huyu wako leo nitamtetea.

Tuanze na mafua. Hiyo uliyoisikia si tarumbeta, ni koneti. Ukizinyoosha hizi mbili, mabomba yake yana urefu karibu sawa, kama mita moja na nusu hivi, na zote hupigwa kwa sauti ileile ya msingi. Tofauti ni tumboni. Bomba la tarumbeta huenda na upana uleule kwa sehemu kubwa, kisha hupanuka ghafla karibu na mdomo. La koneti hupanuka polepole njia nzima, tena limekunjwa zaidi, ndiyo maana chombo kinaonekana kifupi, kama kimejikunyata. Jaribu hivi hapo ulipo: sema "iii" kwa nguvu, halafu sema "ooo" kwa nguvu ileile. Ya kwanza inachoma, ya pili inajaa. Hiyo "ooo" ndiyo koneti.

Nat alianza na tarumbeta. Mwaka 1950 akahamia koneti, chombo alichokipiga baba yao, wakati ambapo vijana wa jazi karibu wote walikuwa wameshakiweka kando. Louis Armstrong mwenyewe aliyeanzia hapo alikuwa amekihama tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo kuhama kwa Nat kulikuwa kama mtu kuacha gari na kupanda baiskeli ya babu, tena kwa hiari yake.

Nami sisemi kwa kusikia tu. Nilipuliza koneti miaka minne katika bendi ya shule. Siku moja tukiwa mbele ya wazazi, kitufe cha pili kikakwama chini, nikamaliza wimbo mzima kwa noti nilizobakiwa nazo. Mwalimu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Nilichojifunza miaka ile ni kwamba kule juu koneti haikupi sifa ya bure. Kule tarumbeta itakushinda tu. Chini ndiko kwenye mali. Nat analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anashuka mpaka noti zinapoanza kukoroma, na mara mojamoja moja inapasuka mdomoni, wala hairudii wala haioni haya. Wewe umeyaita mafua. Mimi nasikia mtu anazungumza akiwa amekaa.

Sasa weka sindano mwanzo wa upande wa kwanza, na safari hii usimtafute Cannonball. Koneti inaita, maneno machache tu, kisha inanyamaza. Wenzake wanaitikia kwa pigo. Inaita tena, pigo tena. Alipokuwa mtoto huko Florida, Nat aliona wafungwa wakitengeneza barabara mbele ya nyumba yao, wanaimba huku wanafanya kazi. Lile pigo ni nyundo. Katika toleo la kaka yake, saksafoni ya alto na koneti zinaubeba wimbo pamoja, na ni raha tupu, sikatai. Lakini anayeita akiwa mmoja, ndipo unapohisi ukimya ulio kati ya mwito na nyundo. Ukimya huo usipousikia, wimbo huu unageuka wa kuchezea dansi.

Swali lako la kweli, ingawa hukuliuliza, ni hili: kama albamu ni nzuri hivyo, mbona haitajwi? Jibu langu ni kwamba ilizaliwa katika wiki mbaya. Nat aliingia studio New York tarehe 25 na 27 Januari 1960, kwa ajili ya lebo ya Riverside. Mpiga gitaa wake alikuwa Wes Montgomery wa Indianapolis, yule asiyetumia kipande cha plastiki bali kidole gumba kitupu. Basi huyohuyo Wes, tarehe 26 na 28, siku za katikati na ile ya kufuatia, alirekodi albamu yake mwenyewe kwa lebo hiyohiyo, "The Incredible Jazz Guitar". Hiyo ndiyo iliyomfanya jina. Hata besi ya Percy Heath iko kwenye zote mbili. Kabla Machi haijaisha, Cannonball naye akawa amerekodi "Them Dirty Blues", na "Work Song" imo. Yaani mtu kapika, jirani kachukua moto, kaka kachukua chungu.

Kisha wimbo wenyewe ukamkimbia. Oscar Brown Jr. akautilia maneno, Nina Simone akauimba, na mwaka 1966 Herb Alpert akaupiga kwa tarumbeta zake ukaingia redioni kila mahali. Leo ukiutaja, watu watakutajia majina matatu kabla hawajamfikia aliyeutunga. Rafiki yako kafika moja kwa moja. Mwombe radhi, halafu umwombe akuazime sahani hiyo kwa wiki.

Swali: Mzee, mimi ni mwanafunzi wa besi. Hicho kinachodundadunda kwenye albamu ya Nat Adderley wengine wanasema ni besi mbili. Kweli?

Jibu: Besi ipo, na juu yake ipo selo, chombo cha nyuzi kilicho kidogo kuliko besi. Haipigwi kwa upinde kama ulivyozoea kuiona. Nyuzi zake zinavutwa kwa vidole kama za besi. Sam Jones anaipiga katika baadhi ya nyimbo, Keter Betts katika nyingine. Mmoja wa waliofungua njia hii ni Oscar Pettiford, mpiga besi, aliyevunjika mkono mwaka 1949 akicheza besiboli, akachukua selo kwa sababu besi ilikuwa imemzidi. Ajali ikazaa mtindo.

Wewe kama mpiga besi usikilize hivi. Selo iko kati ya besi na gitaa, na gitaa la Wes nalo ni la sauti nene, halina ukali. Koneti nayo, kama nilivyomwambia mwenzako, haichomi. Kwa hiyo vyombo vitatu vyenye rangi ya kahawia vimekaa pamoja, hakuna hata kimoja chenye makelele. Ndiyo maana sikio lililozoea saksafoni linadhani kitu kimepungua. Katika nyimbo kadhaa za taratibu hata piano inaondoka, na hapo ndipo albamu inapofikia kilele chake kwa maoni yangu, si kwenye ule wimbo maarufu. "Violets for Your Furs" niliipiga mara tatu mfululizo usiku wa kwanza. Koneti ikinyamaza, kamba zinamalizia sentensi yake kama mke na mume waliozeeka pamoja.

Bobby Timmons anaporudi kwenye piano, hali inabadilika. Huyu ndiye aliyetunga "Moanin'" na "This Here", na kanisa halijamtoka vidoleni. "Sack of Woe", utunzi wa Cannonball, ni ibada ya Jumapili iliyokosa padri tu. Louis Hayes kwenye ngoma anaisukuma bila kuikanyaga. Hiyo ndiyo jazi ya soul kwa ufupi: bluzi, makofi ya kanisani, na mdundo ambao mguu unaujua kabla ya kichwa.

Kasoro? Ipo. "Scrapple from the Apple" ya mwisho ni nzuri, lakini ni utunzi wa Charlie Parker, mbio za enzi nyingine, na baada ya "Violets" inakuja kama mgeni anayebisha hodi wakati watu wameshazima taa. Mimi hunyanyua sindano kabla haijafika. Wenye nidhamu wasiniige.

Kidokezo cha mazoezi: usijaribu kufuata besi na selo kwa pamoja. Mara ya kwanza fuata selo peke yake, hata ikikupoteza. Mara ya pili fuata besi. Ya tatu zitajifungua zenyewe.

Swali: Nimeshaichosha "Work Song" ya Nat. Niende wapi kutoka hapo? Albamu moja tu, mzee, usinipe orodha.

Jibu: "In the Bag", ya mwaka 1962. Ilitoka kwa Jazzland, lebo ndogo ya Riverside, na ndiyo iliyosahaulika kuliko zote. Riverside yenyewe ilifilisika mwaka 1964, na albamu nyingi za namna hii zikabaki bila wa kuzitangaza.

Safari hii Nat aliirekodi New Orleans. Alikwenda na kaka yake na Sam Jones, kisha akawachukua wenyeji watatu: Nat Perrilliat kwenye saksafoni ya tenori, James Black kwenye ngoma, na Ellis Marsalis kwenye piano. Huo ndio mji ambao Buddy Bolden na King Oliver walikuwa wafalme kwa koneti, kabla mtu hajafikiria kuirekodi jazi. Nusu karne hivi baadaye koneti inarudi nyumbani mkononi mwa kijana wa Florida, akiwa na vijana wa hapo ambao nje ya mji wao wachache waliwajua. Msikilize James Black hasa. Ngoma zake zinazunguka kona badala ya kuipita.

Na kwa Marsalis, wakati ule, kulikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa Oktoba 1961. Wakamwita Wynton. Alipokua akachagua tarumbeta.