Kupima Kiingereza cha mdomo: papasi aliyeniumbua

Mleta uzi, unataka kuwapima vijana 30 wa hoteli Kiingereza cha kuzungumza na unaogopa kupendelea. Uogope kweli. Kazi hiyo nimeifanya hapa Unguja misimu mitatu, na wa kwanza niliuharibu.

Tulikuwa tunamkalisha mtu, tunapiga naye soga dakika tano, kisha alama moja tu kati ya 9. Akaja papasi wa Nungwi, yaani kijana wa kuwinda watalii ufukweni, maneno yanammiminika, mzaha juu ya mzaha. Nikampa 8. Nyuma yake msichana wa Micheweni, kule Pemba, kichwa chini, anajibu neno moja moja. Nikampa 3. Mwezi haujesha papasi akashindwa kumweleza mgeni kwa nini bili yake imezidi. Nje ya salamu, bei na samaki, hana kitu. Aliyeitwa kuokoa jahazi ni yule msichana, tuliyemtupa kwenye mashuka. Kumbe Kiingereza alikuwa nacho siku zote, ila alikaa mbele ya mtu mzima asiyemjua, na kwao mkubwa hakodolewi macho wala hamwagiwi maneno.

Siku hizi naweka simu mezani, narikodi. Maswali ni yaleyale kwa wote. Alama nazigawa nne kama wafanyavyo IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi, zote uzito sawa. Mtihani wao huchukua dakika 11 hadi 14, na katikati mtu hupewa mada na dakika 1 ya kujiandaa kabla ya kuzungumza peke yake. Dakika hiyo usiiache kabisa. Wanyamavu wa skuli hufungukia hapo.

Kwenye matamshi jiulize kama anaeleweka, si kama anafanana na Mwingereza. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "ship" na "sheep" zitamtoka sawa. Akisema meli inaondoka saa moja kwenda Pemba, mgeni gani atafikiria kondoo?

Kisha tafuta mwenzako asikilize rikodi mbali nawe, bila kuziona alama zako. Mwenzangu mkali wa sarufi, mimi naponzwa na wasimulizi wazuri. Siku ya kwanza tulipishana alama 3 kwa mtu mmoja. Ilibidi tubishane juu ya rikodi tano, neno kwa neno, ndipo tukakaribiana.

Papasi wangu alirudi msimu uliofuata. Ufasaha 8, msamiati 4. Akanuna. Nikamwekea rikodi yake, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka: "Mwalimu, mbona kila kitu nakiita kizuri, mpaka choo?"