Usiingizwe Mjini Ukifika Dubai

Wasomaji wengi wanaoiandikia safu hii wanaelekea Dubai: wengine fungate, wengine mapumziko ya ufukweni, wengine kufuata mzigo wa duka na kupitia sokoni kununua dhahabu. Swali linalojirudia ni utapeli. Tuseme mapema kwamba ulinzi wa mji ule ni mkali, na mgeni kuporwa barabarani si jambo la kila siku. Hela inayopotea, nyingi mwenyewe huitoa kwa mkono wake, na mara nyingi huitoa kabla hajapanda ndege, hapa hapa Dar.

Nimeona tangazo Instagram: Dubai siku tano, visa, tiketi na hoteli, kwa bei isiyofika hata ya tiketi peke yake. Wakala anataka nitume nusu leo kwa namba yake ya simu, eti nafasi zinaisha. Nitajuaje kama ni mkweli? — Mama J., Tabata

Mama J., usitume chochote leo. Mwache aendelee kukuhimiza huku wewe unakagua vitu vitatu, kimoja kimoja.

Anza na tiketi. Tapeli atakutumia karatasi nzuri yenye jina lako, tarehe na herufi sita za nafasi uliyoshikiwa. Ukiingia kwenye tovuti ya shirika la ndege unaikuta kweli, moyo unatulia. Lakini nafasi iliyoshikiwa si tiketi. Wakala anaweza kuishika bila kuilipia, na muda ukipita inafutika yenyewe. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika. Za Emirates ni 176. Mwombe namba hiyo, kisha piga simu ofisi ya shirika la ndege uulize kama tiketi imekatwa.

Pili, visa. Mwenye pasipoti ya Tanzania anapaswa kuwa nayo kabla ya safari. Huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au kampuni ya utalii yenye leseni kule, na huja kama faili la PDF. Hapo ndipo penye mchezo, maana PDF ya mtu mwingine hubadilishwa jina kwa dakika chache. Za Dubai hutolewa na GDRFA, idara yao ya uhamiaji. Fungua tovuti yao, ingiza namba ya faili, jina lako, uraia na tarehe ya kuzaliwa, uone kama inatambulika. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, usibonyeze kiungo alichokutumia wakala.

Tatu, hoteli. Kuna vyumba vinavyoshikwa kwa masharti ya kufuta bure. Wakala anakushikia, anakupa uthibitisho halali kabisa, ukishamlipa anafuta. Waandikie hoteli kwa baruapepe iliyo kwenye tovuti yao, uulize kama chumba kipo na kama kimelipiwa. Rudia swali hilo siku mbili kabla ya kuondoka.

Kuhusu malipo: lipa kwenye akaunti ya benki ya kampuni au Lipa Namba, na udai risiti ya EFD. Ukiingiza Lipa Namba simu hukuonyesha jina la biashara kabla hujaweka namba ya siri. Tangazo likisema kampuni na simu ikionyesha jina la mtu, ghairi. Kama hela imeshakwenda, pigia mtandao wako wa simu saa hiyo hiyo wajaribu kuizuia kabla haijatolewa, ripoti namba ya tapeli kwa 15040, kisha nenda polisi ukiwa na picha za mazungumzo yote.

Naenda kununua dhahabu ya harusi ya binti yangu. Nimesikia wengine wamerudi na vitu hafifu. Nifanyeje? — Bibi wa Magomeni

Shikamoo, bibi. Hili tutalieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo fedha kubwa inapopotea, na mara nyingi mnunuzi anakuwa hajui kabisa kama kapunjwa.

Dubai bei ya dhahabu kwa gramu hutangazwa kila siku na huonyeshwa kwenye skrini za soko la dhahabu la Deira. Ile ya duka la kwanza ndiyo ya duka la kumi, hivyo hapo hapana cha kubishania. Unachobishania ni ujira wa sonara, yaani gharama ya kutengeneza, na huo kila duka linajipangia. Kidani chenye kazi nyingi ya mkono kina ujira mkubwa. Bangili ya kawaida ya mashine ujira wake ni mdogo.

Hesabu ni hii: uzito mara bei ya siku, jumlisha ujira, kisha ongeza kodi ya VAT, asilimia 5. Tuchukue mfano tu, bei ya siku ya karati 22 iwe dirhamu 400. Kidani cha gramu 20 dhahabu yake ni 8,000. Ujira wa dirhamu 15 kwa gramu ni 300, inakuwa 8,300. Kodi ni 415. Unalipa 8,715.

Muuzaji mjanja hakupi hesabu hiyo. Anabonyeza kikokotoo, anakugeuzia: “9,600, kila kitu ndani, kwa ajili yako tu.” Irudishe nyuma mwenyewe. Gawanya 9,600 kwa 1.05 kuondoa kodi, unapata kama 9,143. Toa dhahabu 8,000. Zinabaki 1,143, ambazo kwa gramu 20 ni ujira wa dirhamu 57 kila gramu. Sasa unajua cha kumwambia. Mtake ataje ujira peke yake, kwa gramu, ndipo mshushane.

Mzani uutazame kwa macho. Uanze kwenye sifuri, na kitu kiwekwe bila kibandiko cha bei wala kisanduku. Kama kina mawe ya kupambia, uliza uzito wa mawe na utake uondolewe. Mawe ya gramu 3 yakihesabiwa kama dhahabu, kwa bei ile ya mfano umeyalipia dirhamu 1,200.

Kisha chapa, yaani namba ya usafi wa dhahabu iliyogongwa juu yake. Geuza kidani utazame karibu na kifungo, kwenye pete tazama ndani. 999 ni karati 24, 916 ni 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Ukiuziwa 750 kwa bei ya 916 umelipia karibu asilimia 18 ya dhahabu ambayo haimo. Rangi isikudanganye, kwa sababu karati 18 huweza kung’aa kuliko 22. Omba kioo cha kukuzia, sonara hakosi.

Risiti iandike uzito, karati, bei ya gramu ya siku hiyo, ujira na kodi, kila kimoja mstari wake. Atakayekwambia anakusamehe kodi ukikubali bila risiti anakunyang’anya ushahidi wako, na kodi yenyewe mtalii hurudishiwa sehemu kubwa. Sharti manunuzi yafike dirhamu 250, duka liwe kwenye mpango huo, na pasipoti isajiliwe pale pale unaponunua. Uwanjani pita kwenye dawati la kurejeshewa kodi kabla ya kukabidhi mabegi, dhahabu ukiwa nayo mkononi waione. Wengi hukosa kwa kukumbuka wakiwa wameshapita ukaguzi.

Vijana watakaokufuata njiani wakinong’ona “saa, mikoba, dhahabu rahisi, njoo juu uone”, wapite kimya, bibi. Usipande ngazi za mtu.

Mdogo wangu ameambiwa aende kwa visa ya utalii, kazi ya hoteli ipo, akifika watambadilishia. Anatakiwa kulipa milioni tatu. — Kaka mtu, Mbagala

Kaka, mzuie. Kufanya kazi kwa visa ya utalii ni kosa kisheria kule, na sheria ya nchi hiyo hairuhusu mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Ni za mwajiri. Ajira ya kweli ya kampuni huanza na barua iliyosajiliwa kwenye wizara yao ya kazi, MOHRE, yenye namba inayoweza kuhakikiwa. Kisha visa ikiisha faini ni dirhamu 50 kila siku, na hapo ndipo aliyempeleka huanza kumbana: fanya kazi bila mkataba au deni likue. Pasipoti yake hakuna mwajiri mwenye haki ya kuizuia. Kabla ya lolote nendeni TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, muulize kama huyo wakala ana leseni. Akishakwama kule, aende ubalozi mdogo wa Tanzania uliopo Dubai.

Teksi za kule zina bei elekezi? — Msomaji, Sinza

Zina mita. Teksi rasmi zina rangi ya maziwa na paa la rangi, na za paa la waridi huendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia. Ukichukulia uwanja wa ndege mita huanza dirhamu 25, kwa hiyo usishtuke. Anayekufuata ndani ya ukumbi wa wanaowasili akikuuliza “teksi?” si wa foleni rasmi. Terminal 1 na 3 zina kituo cha metro. Mle ndani angalia mstari wa sakafuni: mwanamume akiingia behewa la wanawake faini ni dirhamu 100, na hiyo si utapeli.

Kuvuka mkono wa bahari kati ya Deira na Bur Dubai kwa abra, boti ndogo ya abiria, ni dirhamu 1, unapanda na wenzako kama pantoni ya Kigamboni. Atakayekudaka kwenye ngazi na kukutajia makumi ya dirhamu anakuuzia boti nzima.

Nibebe shilingi, dola au kadi? — F., Mikocheni

Dola, na kadi ya akiba. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, hivyo dola 100 ni dirhamu 367 na senti kadhaa. Duka la fedha litakupa pungufu kidogo. Likikupa 340 toka nje. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au dirhamu, chagua dirhamu kila mara. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha wanapanga wao. Usikubali mhudumu akubonyezee.

Mtu amevaa kiraia, anasema ni polisi, anataka kukagua pochi yangu kama ina noti bandia. Nifanye nini? — Mfanyabiashara, Kariakoo

Pochi isitoke mfukoni. Mwombe kitambulisho, mwambie kwa upole mtaongozana kituoni. Kwa walio Deira kituo cha Naif kipo karibu na soko la dhahabu. Polisi wa kweli hatakataa. Piga 901 kwa ushauri, 999 kwa dharura. Na zile kadi za masaji zenye picha za wasichana zinazotupwa chini na kubandikwa kwenye magari, usipige namba yake. Walioitikia wito wamejikuta kwenye fleti ya watu wanaowafungia mlango na kudai kadi ya benki na namba ya siri.

Ufukweni kuna viingilio? Na hizo pikipiki za majini? — Wachumba, Kigamboni

Fukwe za umma kama Kite Beach na JBR ni bure. Mnalipia kiti na mwavuli mkivitaka. Kwa pikipiki ya majini, na kwa gari la kukodi pia, ugomvi huwa ni mkwaruzo wa zamani mnaodaiwa nyinyi. Pigeni video kabla ya kuondoka, pande zote, huku mwenye chombo akisikika akitaja tarehe. Pasipoti msiiache rehani, mpeni nakala. Chombo cha majini hukwaruzika zaidi tumboni, mahali msipopaona kikiwa kinaelea, kwa hiyo mtakeni akiinue kwenye kitoroli mpige picha chini kabla hakijaingia majini. Asipotaka, nendeni kwa mwingine.