Mpelelezi, kachero au jasusi?

SUALI: Assalamu alaykum. Mdogo wangu ni askari, juzi kahamishiwa upelelezi, tukafurahi wote isipokuwa bibi. Keshasema mjukuu wake asiitwe mpelelezi, mana mpelelezi ni mtu wa kuchungulia nyumba za wenziwe akapeleke maneno. Sasa tumwiteje, kachero, mchunguzi au jasusi?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykumu ssalaam dada yetu. Bibi msimcheke, kasema kweli ila kashika upande mmoja tu wa neno. Kupeleleza ni kufatilia jambo kimyakimya mpaka ulijue undani wake, na neno lenyewe halisemi unamfatilia nani wala kwa ajili ya nani, hata mama akimwambia mtoto "hebu kapeleleze sokoni tungule leo bei gani" kamtuma upelelezi vilevile. Huyo anaeogopwa na bibi ndo tunaemwita shushushu. Jasusi ni wa kuiba siri za nchi, neno tumelitoa kwenye Kiarabu, hilo msimpe kijana wenu hata kwa mzaha.

Kachero si tusi, lakini ni la mtaani na la magazetini. Askari kanzu linataja nguo tu, kwamba hakuvaa yunifomu, huenda anapeleleza na huenda kawekwa kulinda mkutano. Mchunguzi ni pana mno, hata anaepima damu hospitali anachunguza.

Kwa polisi neno ni mpelelezi. Nendeni mahkamani mkasikilize, mwendesha mashtaka anasimama anasema upelelezi haujakamilika anaomba tarehe nyengine, na mama wa mshitakiwa pale kwenye benchi anakusanya mkoba wake anatoka, keshajua mwanawe anarudi rumande. Na kesi ikianza kusikilizwa, atakaepanda kueleza maelezo yalichukuliwa vipi na kisu kiliokotwa wapi ndo mpelelezi wa kesi. Akilala yeye, asie na kosa anaoza ndani na aliedhulumiwa anakosa haki yake, kwahiyo mie nasema neno hili ni la heshima kubwa na mdogo wako alibebe hivyo hivyo.

Bibi akikataa bado, muulizeni kama anamkumbuka Bwana Msa wa kwenye riwaya za Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi. Hakuwa polisi yule, kiko chake mdomoni na akili yake tu, na mpelelezi ndo jina lake.